Heinrich Simba: binamu yake kaisari, baba mkwe mfalme wa Uingereza, na bado majirani wakamtimua nchini

Mzee wa Mafaili · #1

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kulikuwa na mabishano humu jukwaani: nani aliwahi kuwa na nguvu kiasi cha mfalme wake mwenyewe kumwogopa? Nikaahidi kuleta wangu. Deni silipendi, haya nalipa.

Wangu ni Heinrich, ambaye Wajerumani humwita Heinrich der Löwe, yaani Heinrich Simba. Cheo chake kilikuwa Herzog, neno ambalo asili yake ni mtu anayetangulia mbele ya jeshi. Waingereza husema duke. Mimi nitamwita mtemi, maana mtemi tunamfahamu: ana ardhi yake, askari wake na baraza lake la kuamua kesi, na juu yake yupo mkubwa mwingine anayemheshimu kwa shingo upande.

Nilianza kumfuatilia nilipokuwa nasoma Braunschweig. Ukipanga kukutana na mtu mjini, jibu ni lile lile: "tukutane pale kwa simba." Katikati ya uwanja wa Burgplatz kuna simba wa shaba nyeusi juu ya nguzo ya mawe, kaachama. Aliye nje ni nakala. Yule wa asili, wa mwaka 1166 hivi, yuko ndani ya ngome ya Dankwarderode, hatua chache tu kutoka pale. Nilimpita karibu mwaka mzima kabla sijauliza ni wa nani.

Hoja yangu naiweka mezani mapema. Vitabu vingi vinasema huyu bwana alianguka kwa sababu mwaka 1176 alimnyima kaisari askari. Mimi sikubali. Alianguka kwa sababu kwa miaka thelathini alikuwa na rafiki mmoja tu juu, na wote waliopakana naye alikuwa amewaonea. Siku rafiki alipochoka, wenzake hawakuhitaji kuitwa mara mbili.

Sasa twende kwenye ukoo, maana bila ukoo hamtaelewa kitu.

Ujerumani ya karne ya 12 ilikuwa na mfalme aliyechaguliwa na wakubwa. Papa akimvisha taji Roma, anakuwa kaisari. Chini yake kulikuwa na watemi, makabaila na maaskofu, na maaskofu wa siku zile msiwafikirie kama hawa wetu: walikuwa na ngome, askari na ushuru wao.

Babu mzaa mama wa Heinrich alikuwa Kaisari Lothar III. Lothar alikuwa na mtoto mmoja tu, Gertrud, akamwoza kwa mtemi wa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, wa ukoo wa Welf, naye pia Heinrich, aliyeitwa Heinrich Mwenye Maringo. Mkwe huyo akaishia kushika Bavaria na Saxony ya kaskazini kwa pamoja. Lothar alipofariki Desemba 1137, mrithi alikuwa anajulikana. Na hilo ndilo lililomponza. Wakubwa hawakutaka mfalme mwenye mali kuliko wao wote wakijumlishwa. Machi 1138 kikundi kidogo kikakutana Koblenz, kikamchagua Konrad wa ukoo wa Staufer kabla ya wengine hawajafika.

Mfalme mpya akamvua Mwenye Maringo temi zote mbili. Saxony akapewa Albrecht aliyeitwa Dubu, Bavaria ikaenda kwa ukoo wa Babenberg wa Austria. Oktoba 1139 Mwenye Maringo akafa, kaacha mtoto mdogo. Huyo ndiye Simba wetu.

Aliyemwokoa ni bibi yake Richenza, mjane wa Lothar, aliyewashikilia Wasaxony wasimkubali Dubu. Bibi akafa 1141. Mwaka uliofuata, Frankfurt, wakasuluhisha: mtoto apewe Saxony, na mama yake aolewe na Heinrich Jasomirgott wa Babenberg, ambaye ndiye akakabidhiwa Bavaria. Gertrud akafariki kwa uzazi 1143.

Hesabuni wenyewe. Baba hayupo, mama hayupo, bibi hayupo, na urithi wa baba yako umekaliwa na baba wa kambo.

Nakunywa chai, narudi.

Binti Pangani · #2

Naweka kiti mbele kabisa. Ila mkuu usitufanyie kama ule uzi wako wa Byzantium, uliandika "itaendelea" na mpaka leo hatujaona kitu.

Mtu wa Buza · #3

Majina yote Heinrich. Hawa watu hawakuwa na majina mengine?

Mzee wa Mafaili · #4

Buza, ngoja, wapo Heinrich wengine mbele. Binti, Byzantium nakumbuka, nisamehe.

Fungu la pili: binamu.

Konrad alikufa Februari 1152. Mwanawe alikuwa mdogo mno, wakubwa wakamchagua mpwa wake, Friedrich, yule mwenye ndevu nyekundu, Barbarossa. Na Friedrich alifaa kwa sababu moja kubwa: baba yake Staufer, mama yake Judith alikuwa Welf, dada wa Mwenye Maringo. Kwa hiyo Heinrich alikuwa mtoto wa mjomba wa Friedrich, na Friedrich mtoto wa shangazi wa Heinrich. Wote vijana, na kila mmoja alimhitaji mwenzake. Friedrich alitaka kwenda Italia kutafuta taji na fedha za miji ya Lombardia, na hawezi kuondoka huku nyuma kunawaka moto. Heinrich alitaka Bavaria ya baba yake.

Wakapatana. Mwaka 1154 huko Goslar, Friedrich akaamua kwamba Bavaria ni ya Heinrich, na juu yake akampa haki ya kuwaweka maaskofu katika nchi za Waslavi ng'ambo ya mto Elbe, haki ambayo kwa kawaida ni ya mfalme mwenyewe. Mwaka uliofuata wakaenda wote Roma. Tarehe 18 Juni 1155 Papa Adrian IV akamvisha Friedrich taji la kaisari, siku hiyo hiyo Warumi wakafanya fujo, na Heinrich akawa miongoni mwa waliopigana kuizima.

Ikabaki baba wa kambo. Huyo hakukubali kutoka bure, na hapa Friedrich alionyesha akili. Septemba 1156, nje ya Regensburg, Jasomirgott akairudisha Bavaria, naye akapewa Austria, ambayo ilikatwa kutoka Bavaria na kupandishwa kuwa utemi kamili. Akaongezewa na masharti matamu: hata binti anaweza kurithi, na mtemi wa Austria halazimiki kwenda vitani mbali, ila nchi za jirani tu.

Kijana wa Kisumu · #5

Subiri. Yaani Austria ilitengwa na kuwa nchi peke yake kwa ajili ya kumtuliza baba wa kambo wa mtu?

Halafu huyu Barbarossa ndiye ile operesheni ya Hitler ya 1941 kuvamia Urusi iliitwa jina lake?

Mzee wa Mafaili · #6

Ndiyo, na ndiyo. Hati ya 1156 Waaustria wanaihesabu kama cheti cha kuzaliwa.

Sasa fungu ninalolipenda, namna Simba alivyoishi na majirani. Akiwa na chini ya miaka thelathini anashika temi mbili, moja inagusa bahari za kaskazini, nyingine inafika milima ya Alps. Mtu wa kawaida angetulia.

Anza na Stade, kabla hata hajawa mkubwa. Mwaka 1144 bwana wa Stade aliuawa na wakulima wa Dithmarschen. Nduguye aliyebaki, Hartwig, alikuwa mtu wa kanisa, akaamua mali iende kwa jimbo la Bremen. Upande wa Heinrich ukasema mali hiyo tuliahidiwa sisi. Kikaitwa kikao cha kusuluhisha, 1145, huko Ramelsloh. Katikati ya maneno, panga zikatoka. Watu wa Heinrich wakamkamata askofu mkuu wa Bremen na kumshikilia mpaka akakubali kuachia. Hartwig baadaye akawa yeye mwenyewe askofu mkuu wa Bremen. Mnadhani alisahau?

Njoo Lübeck. Mji huo ulianzishwa 1143 na Adolf, bwana wa Holstein, ambaye kwa cheo alikuwa chini ya Heinrich. Bandari ikashika, wafanyabiashara wakahamia huko, na soko la Heinrich la Bardowick likaanza kupauka. Heinrich akamwambia Adolf: nipe nusu ya mji. Adolf akakataa. Heinrich akapiga marufuku soko la Lübeck, kikaruhusiwa kuuzwa chakula tu, na visima vya chumvi vya Adolf kule Oldesloe akaviharibu. Mwaka 1157 mji ukaungua. Heinrich akajenga wake karibu, akauita Mji wa Simba. Mahali hapakufaa, mji ukafa. Adolf hatimaye akachoka, 1159 akaachia Lübeck. Na hapo, mnyonge mnyongeni haki yake mpeni: Heinrich akaijenga vizuri kuliko Adolf. Akatuma wajumbe kwa wafalme wa kaskazini kuwaalika wafanyabiashara, 1161 akawapatanisha Wajerumani na watu wa kisiwa cha Gotland kule Artlenburg, na biashara ya Baltiki ikaanza kupita hapo. Ule umoja wa miji ya biashara, Hansa, mnaousoma kwenye vitabu una mizizi yake humo.

München nayo ni hivyo hivyo. Chumvi ya Reichenhall ilikuwa inavuka mto Isar kwenye daraja la askofu wa Freising, kule Oberföhring, na ushuru unaingia kwa askofu. Heinrich akalibomoa daraja, akajenga lake kilomita chache tu kutoka hapo, na chumvi ikahamia kwake. Askofu akashtaki. Kaisari akaamua Augsburg, 14 Juni 1158: soko libaki München, askofu apewe theluthi ya mapato. Wenyeji wa München mpaka leo wanaihesabu tarehe hiyo kuwa siku ya kuzaliwa kwa mji wao.

Kwa nini naileta hii? Kwa sababu askofu mwenyewe alikuwa Otto wa Freising, baba mdogo wa kaisari na ndugu wa tumbo moja na Jasomirgott. Daraja la baba mdogo wa kaisari limebomolewa, na kaisari anasema baba mdogo chukua theluthi, tulia. Hapo ndipo mnaona urafiki wa Friedrich na Heinrich ulikuwa na thamani gani, na waliokuwa wanaulipia ni akina nani.

Kijana wa Kisumu · #7

Hiyo ya daraja nimeipenda. Unavunja daraja la mwenzako, unajenga lako, halafu kortini unaambiwa umgawie kidogo. Sisi huku tungesema ameweka serikali mfukoni.

Msomi Bila Cheti · #8

Mkuu, unamwonea kidogo. Zama hizo kila kabaila alikuwa hivyo. Albrecht Dubu alikuwa malaika? Alichukua Brandenburg kwa mkono gani? Huwezi kumhukumu mtu wa karne ya 12 kwa kipimo cha leo.

Mzee wa Mafaili · #9

Msomi, mimi simhukumu kwa kipimo cha leo, namhukumu kwa kipimo cha majirani zake, na wao walikuwa hai siku hizo hizo. Padri Helmold wa Bosau, aliyeishi jirani na Lübeck na hakuwa adui wa Heinrich, aliandika kwamba katika misafara yote ya kijana huyu dhidi ya Waslavi hapakutajwa Ukristo, zilitajwa fedha tu.

Na hao Waslavi nisiwapite. Ng'ambo ya Elbe waliishi Waobotriti, mkuu wao Niklot, mtu wa dini ya jadi. Mwaka 1147 Wasaxony walipata ruhusa kupiga vita vya msalaba huko badala ya kwenda Palestina. Wakaizingira ngome ya Dobin, watu wakabatizwa kwa jina, jeshi likarudi nyumbani, mambo yakaendelea kama zamani. Mwaka 1160 Heinrich akarudi kwa nguvu kweli kweli na Niklot akauawa. Schwerin ikapewa hadhi ya mji wa Kijerumani. Lakini mwanawe Pribislav hakukoma kupigana, na 1167 Heinrich akamrudishia sehemu kubwa ya nchi ya baba yake, awe mtu wake. Kwa nini ghafla roho nzuri? Kwa sababu nyumbani Saxony moto ulikuwa umewaka na hakuweza kupigana pande mbili.

Kuanzia 1166 waliungana: Albrecht Dubu, Wichmann askofu mkuu wa Magdeburg, Ludwig wa Thuringia, Hartwig wa Bremen (nilisema hakusahau), kisha na askofu mkuu wa Köln. Wakapigana naye kwa miaka kadhaa. Friedrich aliporudi kutoka Italia akawatuliza, na kama kawaida akamwegemea binamu. Yule simba wa shaba aliwekwa mbele ya ngome miaka hiyo hiyo. Kila nikipita pale nilikuwa nafikiria hilo: jirani zako wanapanga kukuondoa, wewe unasimamisha simba uani.

Binti Pangani · #10

Ndoa mkuu. Umesema baba mkwe mfalme. Leta habari za ndoa.

Mzee wa Mafaili · #11

Ndoa nazo zilikuwa siasa tupu.

Mke wa kwanza, Clementia, alitoka ukoo wa Zähringen kusini magharibi. Friedrich hakuupenda ukoo ule na hakupenda binamu yake awe na mguu upande huo. Mwaka 1162 ndoa ikavunjwa Konstanz kwa kisingizio kwamba ni ndugu wa damu. Miaka zaidi ya kumi na mbili ya ndoa, ndipo undugu unaonekana.

Wa pili ni Matilda, binti wa Henry II wa Uingereza na Eleanor wa Aquitaine. Posa ilipelekwa Rouen 1165, na aliyepeleka ni Rainald, waziri wa Friedrich mwenyewe, kwa sababu kaisari alikuwa anatafuta marafiki dhidi ya Papa Alexander III. Sikieni vizuri: ule undugu na Uingereza ambao baadaye ulimpa Simba pa kukimbilia, aliufunga kaisari kwa mikono yake. Ndoa ilifungwa Minden, 1 Februari 1168. Bibi harusi alikuwa na miaka kumi na moja au kumi na miwili hivi. Bwana harusi alikaribia arobaini. Siongezi neno.

Upande wa kaskazini, binti yake Gertrud aliolewa na Knut, mwana wa Valdemar mfalme wa Denmark, baada ya wawili hao kugombana kuhusu nyara za kisiwa cha Rügen. Na binti mwingine wa nje ya ndoa akaozwa kwa mwana wa Pribislav. Umeona? Mjukuu wa Niklot anamwoa binti wa aliyemwua babu yake.

Mwaka 1172 akaenda kuhiji Yerusalemu na msafara mkubwa. Konstantinopoli akapokewa na Kaisari Manuel, na njiani kurudi Sultani Kilij Arslan akampokea kwa heshima na zawadi. Alikuwa anapokewa kama mfalme, na nadhani ndipo alipoanza kuamini kuwa ni mfalme.

Kisha kosa ambalo kwangu mimi ni kubwa kuliko lile la 1176. Mjomba wa Friedrich ambaye pia ni baba mdogo wa Heinrich, Welf VI, alipoteza mwanawe wa pekee kwa homa kule Italia 1167. Mzee akawa hana wa kumrithi. Akamwambia Heinrich: nipe fedha, nikifa ardhi yangu yote ya kusini iwe yako. Heinrich akakubali, halafu akawa anachelewesha malipo. Mzee ana umri, si atakufa tu? Mzee hakufa. Akamgeukia mpwa wake mwingine, Friedrich, ambaye alilipa taslimu. Welf VI akaishi mpaka 1191. Heinrich alipoteza urithi wa ukoo wake mwenyewe kwa ubahili, na tangu siku hiyo Friedrich akawa na ardhi yake kubwa kusini. Hakumhitaji tena binamu kama zamani.

Mtu wa Buza · #12

Hahaha, anasubiri mzee afe, mzee anaendelea kula tu.

Msomi Bila Cheti · #13

Sawa, lakini usikwepe Chiavenna. Kaisari amempigia magoti mtu wake, na mtu wake kakataa. Hiyo ndiyo sababu.

Mzee wa Mafaili · #14

Sikwepi. Mwanzoni mwa 1176 Friedrich alikuwa amekwama Italia, miji ya Lombardia imeungana dhidi yake. Akakutana na Heinrich, inasemekana Chiavenna chini ya Alps, akaomba askari. Waandishi walioandika miaka baadaye wanasema alipiga magoti, na kila aliyesimulia akaongeza chumvi yake. Heinrich akasema nitakuja ukinipa Goslar, ule mji wenye machimbo ya fedha ya Rammelsberg. Friedrich akakataa. Tarehe 29 Mei akapigwa vibaya Legnano, na 1177 akalazimika kupatana na Papa kule Venisi.

Sasa nionyeshe ni wapi kwenye hukumu imeandikwa Chiavenna. Hati ya Gelnhausen ya Aprili 1180, ambayo ndiyo iligawa Saxony, inaeleza makosa: amekandamiza uhuru wa makanisa na wa mabwana wa nchi, amewanyang'anya mali, ameitwa mara kwa mara mbele ya baraza akadharau kuja. Askari wa Italia hawamo. Walioshtaki ni majirani. Amani ya Venisi ilimrudisha askofu Ulrich wa Halberstadt ambaye Heinrich alimfukuza; Ulrich akarudi na madai yake, Philipp askofu mkuu wa Köln akaja na ya kwake, kesi zikafika mbele ya kaisari kama zilivyofika mara ishirini huko nyuma. Tofauti safari hii kaisari hakuzitupa. Basi.

Akaitwa Worms 1179, hakwenda. Akaitwa Magdeburg, hakwenda. Januari 1180 Würzburg akavuliwa kila alichopewa na mfalme. Na mtazameni aliyegawiwa. Magharibi ya Saxony ikawa utemi wa Westfalen, akapewa Philipp wa Köln, mshtaki mwenyewe. Mashariki akapewa Bernhard, mwana wa Albrecht Dubu, yule aliyenyang'anywa Saxony 1142. Bavaria, ikiwa imekatwa Steiermark, ikaenda kwa Otto wa Wittelsbach, na ukoo huo haukuiachia mpaka 1918. Friedrich mwenyewe hakujiwekea hata kipande cha hizo temi. Hakuweza: wale waliomsaidia kumwangusha walikuja na vikapu.

Msomi Bila Cheti · #15

Ya hati nakubali, umenifunga. Ila bado nasema bila Legnano Friedrich asingefungua masikio.

Mzee wa Mafaili · #16

Hilo nakupa. Masikio yalifunguka Legnano, lakini maneno ya kuingia humo yalikuwa tayari kwa miaka mingi.

Na wakwe? Hapa ndipo inachekesha na kuuma. Friedrich alipoingia Saxony na jeshi 1181, watu wa Heinrich wakaanza kumkimbia mmoja mmoja. Lübeck ilipozingirwa, Valdemar wa Denmark akatokea baharini na merikebu zake, yeye ambaye mwanawe amemwoa binti wa Simba. Akatokea upande wa kaisari. Henry wa Uingereza alimwombea mkwewe kwa maneno, jeshi hakutuma.

Novemba 1181 Erfurt, Heinrich akajitupa miguuni mwa binamu yake. Friedrich akamwinua na, wanasema waandishi, akalia. Akamwachia ardhi za ukoo tu, Braunschweig na Lüneburg, na akaamriwa aondoke nchini miaka mitatu. Mwaka 1182 akavuka na Matilda na watoto kwenda Normandia kwa baba mkwe. Mwanawe Wilhelm akazaliwa Winchester. Akarudi 1185.

Inasimuliwa kwamba akiwa njiani kwenda uhamishoni alipita Bardowick, soko lake la zamani alilolipigania dhidi ya Lübeck, na wenyeji wakamfungia milango, wakapanda ukutani na kumgeuzia makalio. Kama ni kweli au ni hadithi ya wajukuu, shauri yenu. Lakini linalojulikana ni hili: 1189 Friedrich alipojiandaa kwenda vita vya msalaba, hakutaka kumwacha Heinrich nyuma yake, akamtuma tena uhamishoni. Safari hii Matilda akabaki Braunschweig kulinda mali, akafariki mwezi Juni. Siku chache tu baadaye baba yake, Henry II, naye akafa. Heinrich akavunja kiapo, akarudi, na Oktoba akaivamia Bardowick na kuibomoa. Mlangoni mwa kanisa kuu la hapo pana maandishi ya Kilatini: Vestigium Leonis, unyayo wa simba. Mji haukuinuka tena.

Binti Pangani · #17

Pole Matilda. Na Friedrich mwisho wake?

Mzee wa Mafaili · #18

Alizama mtoni kule Anatolia, 10 Juni 1190, njiani kwenda Yerusalemu.

Mwanawe Heinrich VI (Buza, samahani) akaendeleza ugomvi. Desemba 1192 Richard wa Uingereza, shemeji wa Simba, akakamatwa karibu na Vienna na Leopold wa Austria. Leopold ni nani? Mwana wa Jasomirgott. Watoto wa Simba wakatumika kama mateka katika makubaliano ya fidia ya mjomba wao.

Kilichomaliza vita si askari. Mwana mkubwa wa Simba, naye Heinrich, alipendana na Agnes, binti wa baba mdogo wa kaisari. Baba akiwa safarini, mama yake Agnes akawafungisha ndoa kimya kimya katika ngome ya Stahleck. Kaisari akafoka, kisha akameza, na Machi 1194 Tilleda wakapatana. Katika ndoa zote za familia ile, iliyoleta amani ni hiyo ambayo hakuna mkubwa aliyeipanga.

Simba akafa Braunschweig 6 Agosti 1195, amezikwa na Matilda katika kanisa la Mtakatifu Blasius alilolijenga mwenyewe, mbele ya yule simba wa shaba. Mwaka 1935 kaburi likafunguliwa, Hitler akaja kulitazama, wakataka kumfanya shujaa wa kuteka mashariki.

Kuna kitabu cha Injili alichowaagiza watawa wa Helmarshausen wamtengenezee, kiliuzwa mnadani London 1983 kwa mark za Kijerumani milioni 32.5. Ukurasa mmoja umewachora Heinrich na Matilda wakivishwa taji na mikono inayotoka mbinguni. Nyuma ya Heinrich wamesimama wazazi wake na Kaisari Lothar babu yake. Nyuma ya Matilda, baba yake mfalme na bibi yake malkia. Friedrich, aliyempa kila kitu, hayupo pichani.

Kijana wa Kisumu · #19

Na ukoo uliisha?

Mzee wa Mafaili · #20

Uishe wapi. Mwanawe Otto alikuwa kaisari 1209. Zile ardhi mbili alizoachiwa, Braunschweig na Lüneburg, zikawa utemi 1235, na kutoka humo ukatoka ukoo wa Hanover uliokalia kiti cha Uingereza kuanzia 1714. Malkia Victoria ni wa damu hiyo. Wewe uko Kisumu, jina lake unaliona kwenye ramani ya ziwa kila siku.

Mhaya wa Kashozi · #21

Nimesoma kimya mpaka hapa. Swali: huyo binti wa nje ya ndoa aliyeolewa na mjukuu wa Niklot, ukoo wao ndio wa Mecklenburg? Maana mzee wetu mmoja alikuwa anataja Mjerumani mkubwa wa Mecklenburg aliyepita Bukoba zamani na msafara wa wapagazi, akaenda Rwanda kwa Mwami Musinga.

Mzee wa Mafaili · #22

Ndio haswa. Adolf Friedrich, mtemi wa Mecklenburg, msafara wa 1907. Damu ya Niklot na damu ya Simba kwa pamoja. Ukiweza mkuu, muulize mzee anakumbuka nini kingine, uandike hapa.